Maoni yangu kuhusu Marehemu, gari za Kimarekani nilizozisifia mpaka nikaitwa mwenye jicho

Wakuu, heshima kwenu wote, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kucomment pia nawaona.

Nawaandikia kutoka nyumbani kwetu Kitui. Nimekalia kiti cha plastiki, na hakuna gari yoyote ya kuosha hapa karibu. Nimefika huku kwa sababu ya gari bovu. Nitasimulia vile ilivyokuwa, na nikiongeza chumvi basi ikama yangu, kile kibali cha kuishi huko, ikwame siku ya kuirenew. Aliyefanya kazi Saudia anajua hicho si kiapo cha mchezo.

Kuna member alifungua uzi juzi akiuliza wamiliki wa ile brand ya Marekani iliyofungwa wanasemaje kuhusu model zake. Nilisoma comments zote. Nikacheka, nikakasirika, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi nikacheka tena.

Kila mmiliki anasema gari yake haijawahi kumsumbua hata siku moja.

Nawaamini kabisa. Mmiliki hasumbuliwi. Anayesumbuliwa ni dereva, na dereva ni mimi.

Jina la brand silitaji, kwa sababu mashabiki wake humu ndani ni wengi kuliko gari zenyewe zilizobaki. Sisi madereva kule Riyadh tuliiita Marehemu. Kampuni ilishazikwa, ila kuna watu wamekataa kutoka matangani.

Bosi wangu ni mmoja wao. Ni mzee mstaafu, mpole, mkarimu, na ana Marehemu tatu uani kwake. Ana pia gari moja ya Kijapani, ambayo ndiyo ilitupeleka kila mahali tulipohitaji kufika.

Haya, mliomba maoni kuhusu model. Pokeeni.

Ya kwanza ni sedani ndefu, tuliiita Mkubwa. Ukikaa kwa usukani, boneti yake iko mtaa wa mbele. Viti ni laini ajabu, Bosi akiingia nyuma analala kabla sijatoka getini. AC ina hali mbili, baridi ya mochari au upepo wa tanuri, na kuchagua si kazi yako. Mafuta inakunywa. Maji ya rejeta nayo inakunywa, tena bila aibu.

Ya pili ni ya milango miwili, Bwana Harusi. Nyekundu, inang'aa, inapendeza sana ikiwa imesimama. Kwa bahati nzuri hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Ya tatu ni ya familia, Sanduku. Kioo cha nyuma kilishuka chenyewe siku ya vumbi kubwa na hakikupanda tena. Nilizunguka maduka ya spea ya Riyadh yote ninayoyajua. Kila mahali jibu lilikuwa mafi, yaani hakuna. Muuzaji mmoja alinionea huruma mpaka akaniuliza kama nimekula.

Sasa tuache vyuma, niwaambie kilichokuwa kinaniumiza.

Mke wangu, Mwende, naye alikuwa Saudia. Alifanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Tulitoka Kenya mwaka mmoja kupitia maagent tofauti, tukidhani tutakuwa tunatembeleana. Wakuu, kati ya Riyadh na Jeddah kuna jangwa zima, na kila mmoja wetu ana kafili wake, yule mwajiri anayeshika vibali vyake. Tangu tuagane uwanja wa ndege wa Nairobi tulikuwa tunaonana kwa simu tu, akiwa amejifungia jikoni na mimi nikiwa kwa gari.

Binti yetu Ndanu tulimwacha na mama yangu akiwa ndiyo tu ameanza kutembea. Bibi yake ndiye anamwita mama. Sisi kwa video call anatusalimia kwa adabu, vile angesalimia mapolisi, halafu anakimbia kucheza.

Mkataba wa pili wa Mwende ulikuwa unaisha na madam wake alikuwa amekubali kumkatia tiketi. Akaniambia, "Babake Ndanu, omba likizo tuingie nyumbani pamoja. Sitaki mtoto atuzoee kwa zamu, mmoja akija mwingine anaondoka. Atuone wote wawili siku moja ajue hawa ndio wazazi wake."

Hilo tu ndilo nililotaka maishani wakati huo, likizo iangukie mwezi mmoja na yake.

Nikamwendea Odhiambo, mlinzi wa villa ya jirani. Odhiambo ana jibu la shida zote za Wakenya wa Riyadh isipokuwa zake mwenyewe.

"Buda, huyo mzee usimwendee na shida kavu kavu," akaniambia. "Anza na gari. Sifia hizo gari zake hadi asikie vizuri, halafu hapo katikati chomeka ruhusa. Na usisahau mashaallah! Hawa watu ukisifia kitu chao bila hiyo, kikiharibika wanasema umekipiga jicho la husuda. Wewe sema mashaallah hata kwa kijiko."

Mimi ni Mkristo wa Kitui, nimelelewa kwa kwaya. Lakini nilifanya mazoezi ya hilo neno mbele ya kioo nikinyoa ndevu.

Asubuhi yake Bosi akatoka na kikombe chake cha gahawa kuja kuangalia nikiosha Mkubwa. Nikajitupa.

"Bosi, mimi nimeendesha gari nyingi. Lakini hii, mashaallah, haiendi barabarani. Inaelea. Waliotengeneza hii walikuwa watu, mashaallah, si hawa wa siku hizi."

Mzee akaweka kikombe chini. Macho yakamlegea. Akaniambia wanawe wote wanamsumbua aziuze, na kwamba mimi mgeni kutoka mbali ndiye wa kwanza kumwelewa. Nilidhani atanikumbatia na sabuni yangu hivyo hivyo.

Nikaona mlango uko wazi, nikachomeka. Bosi, naomba mwezi mmoja. Mke wangu anamaliza mkataba, tuna mtoto mdogo hatumjui.

Akanishika bega kwa upendo wa kweli.

"Likizo? Na hizi gari nimwachie nani, mwanangu? Anayezipenda ni wewe peke yako. Halas, tutaongea mwaka ujao inshallah."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na kitambaa cha vioo bado kiko mkononi. Nikampigia Mwende.

"Amekataa."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimsifia gari kwanza."

"Ulisifia sana?"

"Kiasi."

"Babake Ndanu, mimi umeninyamazia tangu tuoane. Leo chuma cha mtu ndicho umekipatia maneno?"

Akakata simu, na najua alilia, kwa sababu hata mimi nililia.

Siku zikaenda. Tiketi ya Mwende ikawa imekaribia kabisa. Ndipo ukaja mkutano wa wamiliki wa Marehemu. Kumbe wanao. Wanakusanyika kutoka miji yote, wanapanga gari zao mstari, wanakula, wanasifiana. Mara hii ilikuwa zamu ya Jeddah.

Wanawe Bosi, watu wenye akili timamu, walipanda ndege. Bosi akasema yeye atakwenda na Mkubwa kwa barabara, kwa heshima ya Mkubwa. Mimi nilifurahi kuliko yeye. Mwende alikuwa amepewa ruhusa na madam wake Ijumaa hiyo, baada ya Asr mpaka Maghrib, aende supermarket karibu na kwao akanunue vitu vyake vya safari. Bosi naye akanikubalia kwamba gari zikimaliza kupiga raundi niko huru hadi jioni. Nitamwona mke wangu, hata kama ni kwa foleni ya mikate.

Safari ya jangwa sitaeleza yote. Sindano ya joto ilikuwa inapanda mlima na mimi ninaombea kila petrol station ije haraka. Kila tukisimama naongeza maji kwa rejeta, na yanapungua tena.

Nikamwamsha Bosi. "Bosi, rejeta inavuja."

"Haivuji," akasema bila kufungua macho vizuri. "Inatoa jasho. Huoni joto lilivyo?"

Tulifika Jeddah. Sijui kivipi, lakini tulifika.

Mkutano ulikuwa kwenye nyumba ya mapumziko karibu na bahari. Marehemu zimepangwa zinang'aa, huwezi kuamini nusu yake zimeletwa kwa kuvutwa. Na pale kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika lakini wote wanaijua: hakuna kufungua boneti mbele ya watu. Ukifungua boneti umetangaza kwamba una mgonjwa. Nilikuwa na dumu langu la maji kwa buti, na Bosi akanitolea macho kila nilipolisogelea.

Baada ya kula kabsa, ule wali wao wa nyama, kila mmiliki akasimama kutoa maoni kuhusu model yake. Hapo ndipo nilipowakumbuka nyinyi wa ule uzi.

Bwana mmoja wa Jeddah mwenye Bwana Harusi kama yetu aliapa kwamba tangu ainunue hajabadilisha hata balbu. Wakati anaapa, dereva wake Mpakistani alikuwa amelala chini ya hiyo gari, tochi mdomoni. Boneti ndiyo imekatazwa, chini hakuna aliyekataza. Mwingine mwenye Sanduku akasema yake haivuji hata tone. Kulikuwa na doa jeusi chini yake. Akasema ni kivuli.

Ikafika zamu ya Bosi wangu. Akasimama, akatabasamu, akasema, "Mimi sisemi. Atasema dereva wangu. Huyu kwa mapenzi ya hii gari amenishinda."

Wakuu, nikasukumwa mbele ya wazee wote wale na Kiarabu changu cha jikoni. Jasho lilinitoka kuliko rejeta. Akilini nilikuwa na kitu kimoja tu: nimfurahishe huyu mzee, labda atabadilisha mawazo kuhusu likizo.

Nikafungua mdomo. Nikasema hii gari ni nzuri kuliko zote zilizo hapa. Nikasema nimetoka nayo Riyadh na haijatoa hata sauti. Nikasema injini yake ina nguvu kuliko kijana, na hakuna gari ya leo inayoweza kuifikia, na mimi ningekuwa na uwezo ningeitaka iwe yangu.

Nikakaa chini, nimeridhika na nafsi yangu.

Mtu aliyekuwa anamimina gahawa aliacha kumimina. Bosi alikuwa amebadilika rangi.

Kwenye kona kulikuwa na mzee mmoja wa ndevu za hina, wanamwita Abu Saad, ambaye wote wanamheshimu. Akapaza sauti, "Sema mashaallah!"

Nilikuwa nimeisahau. Lile neno nililolifanyia mazoezi nikinyoa, siku lilipohitajika lilipotea lote. Nikalisema haraka, lakini ilikuwa too late. Ukumbi mzima ukaanza mashaallah, mashaallah, wanajaribu kufuta nilichomwaga.

Gari zikatoka kupiga raundi Corniche, barabara ya kando ya bahari. Mimi kwa usukani, Bosi nyuma, na mara hii hakulala. Sindano ikapanda. Nikasema Bosi, maji. Akasema yalla, endelea, watu wanatuona.

Hatukufika mbali. Mkubwa akatoa mvuke mzito, akatikisika, akazima katikati ya barabara na Marehemu zote zikasimama nyuma yake.

Watu wakashuka, wakatuzunguka. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia gari. Wote walikuwa wananiangalia mimi.

"Bosi, ni rejeta. Nilikuambia njiani."

"Imetoka Riyadh mpaka hapa salama," akasema polepole. "Umeisifu, imekufa."

Jaribuni nyinyi kujibu hapo.

Abu Saad akasogea. Akasema dawa inajulikana, mwenye jicho aoge uso na mikono, na maji yake amwagiwe aliyepatwa. Kwa mtu linatosha bakuli, akasema, lakini gari hii ni kubwa, ilete ndoo. Ndoo ikaletwa. Dumu langu la maji, lile lililonyimwa ruhusa mchana kutwa, ndilo likatumika.

Basi nikainama pale Corniche ninanawa mpaka viwiko, tena na tena, shati limelowa, wazee wananihimiza niongeze. Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa message ya Mwende: "Nimefika. Uko wapi?"

Nikasugua viwiko kwa bidii zaidi.

Ndoo ilipojaa nikauliza, "Inamwagwa wapi?"

"Kichwani," akasema Abu Saad.

"Kichwa cha gari ni wapi?"

Ukazuka mjadala. Mmoja anasema juu ya paa. Mwingine anasema ni usukani. Mwenye Bwana Harusi akasema ni taa, kwa sababu ndiyo macho. Waliendelea kubishana muda wa kutosha, na injini ikawa inapoa taratibu.

Nikasema kwa unyenyekevu, "Wazee wangu, kichwa ni hiki." Nikafungua boneti, nikazungusha kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikawaomba wamwage hapo.

Ndoo nzima iliingia. Mkubwa alikuwa na kiu.

Bosi akawasha mwenyewe. Injini ikaunguruma kwa jaribio la kwanza tu. Takbir ikapigwa, watu wakakumbatiana, Abu Saad akapigwa busu la paji la uso. Nami nikawa nimepatikana na hatia kwa ushahidi wa viwiko vyangu.

Bosi akanijia. Afadhali angekasirika. Alikuwa na huruma.

"Sikulaumu, mwanangu. Hukukusudia. Umeipenda kupita kiasi." Huku anaongea, alikuwa amesimama kati yangu na gari, amenyoosha juba lake kidogo nisiione.

Hapo niliumia, wakuu, sitadanganya. Nimekula na huyu mzee sahani moja. Nimempeleka hospitali nikamshika mkono. Leo ananificha chuma chake.

Halafu akasema, "Nenda kwenu. Kaone mtoto wako, moyo wako utulie. Ukirudi utaendesha ile ya Kijapani."

Akatoa simu, akabonyeza mara chache, na message ya exit re-entry, ile ruhusa ya kutoka nchini na kurudi, ikaingia kwangu pale pale. Nilichokiomba kwa maneno matamu yote yale, nimepewa ili nisiwe karibu na gari.

Mwanawe mmoja, wa wale waliokuja kwa ndege, akachukua usukani. Mimi nikakimbilia teksi.

Nilifika Al-Nuzha jua linashuka. Mwende alikuwa amesimama nje ya supermarket na mfuko wa mkate, anaangalia saa. Alikuwa amekonda. Nilimjua kwa jinsi alivyoshika kiuno.

"Umechelewa," akasema. "Na mbona umelowa?"

Nikampa simu asome. Akasoma. Akasoma tena. Akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Kukumbatiana pale haiwezekani, mnajua mambo ya huko. Akashika mkono wa shati langu uliolowa, hakuuachilia mpaka adhana ya Maghrib ilipoanza na ikabidi arudi kwa madam.

Tulipanda ndege moja.

Tulipoingia boma, Ndanu alikuwa anaokota kuni na bibi yake. Miguu imerefuka, meno ya mbele hayapo, sura ni ya Mwende mtupu. Akaacha kuni zianguke, akatuangalia mmoja mmoja.

Nilikuwa na maneno tayari. Jinsi alivyokua, jinsi alivyo mrembo, jinsi hakuna mtoto wa kumfikia. Yalikuwa yamefika mdomoni, nikayashika.

Mimi niliyewacheka wale wazee, Mkristo wa kwaya, nilisimama getini kwa mama yangu nikasema mashaallah. Nikarudia. Mwende aliniangalia na hakucheka, akaisema pia. Ndipo tukainama tukafungua mikono, na mtoto akaja kwa wote wawili.

Jana Bosi amenitumia voice note. Mkubwa imezima tena. Anauliza kwa upole kama kuna siku nimekuwa nikiiwaza.

Funzo nililopata, kwa wale mnaopenda funzo: ukitaka kitu kwa tajiri usisifie mali yake, maana atakufunga kwayo. Na ukikosea ukamsifia, beba maji.

Sasa wamiliki wa Marehemu, uwanja ni wenu. Wekeni picha, tuambieni vile hazijawahi kuwasumbua. Ila malizieni na mashaallah, kwa sababu hizo picha na mimi naziangalia.